Nafasi zote nne nimeweka watia alama, mbona adui bado anatoroka?

«Jambo Yaya. Ninacheza Free Fire, mchezo wa risasi wa simu, niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Tuko wanne: mimi, binamu zangu wawili na jirani mmoja. Nafasi zangu zote nimejaza wahusika wanaomtia adui alama: Clu, Moco, Shirou na Otho. Niliona video, mtu anasema adui mwenye alama anaumia asilimia 35 zaidi, na alama mbili zikikutana zinajumlishwa. Mimi sioni tofauti. Adui ana alama kabisa, tunampiga, anakimbia. Mara nyingine nafyatua pale pale alama ilipo na risasi inapita hewani. Wenzangu wananiita Kamera, wanasema mimi si mchezaji. Bonasi yangu inaenda wapi? Tena simu inapata moto sana. Na kuna mtu pale sokoni anasema atanipa programu ya kuona maadui wote, au aniongezee almasi, zile pesa za ndani ya mchezo, nikimpa nywila. Nifanye nini?»

Mdogo wangu, jambo sana. Nikikusoma vizuri, kinachokuuma zaidi si adui anayetoroka. Ni kuona umetoa nafasi nne kwa ajili ya bonasi ambayo haifiki, na juu yake wenzako wanakucheka. Basi nikutoe wasiwasi: akaunti yako haina kasoro na hakuna aliyekupunja. Ile asilimia 35 haimo kwenye Free Fire. Ni ya mchezo mwingine.

Namba hiyo naijua inakotoka. Kuna mchezo wa kompyuta unaoitwa Team Fortress 2, wa kampuni ya Valve, uliotoka mwaka 2007. Humo mhusika mmoja ana upepeo wa kukunja anaowachapa nao maadui. Kipigo chenyewe karibu hakiumizi, lakini aliyechapwa anabeba alama ya kifo kwa sekunde 15, na kwa muda huo kila risasi inayompata, iwe imetoka kwa nani katika timu, inaongezewa madhara asilimia 35. Na hata huko, alama hazijumlishwi. Adui aliyechapwa upepeo, kisha mdunguaji akammwagia chupa yake inayofanya kazi ileile, anabaki kwenye 35. Hafiki 70. Kwa hiyo ama yule wa video alikosea, ama kuna sentensi uliyoiruka.

Iko michezo mingine ya namna hiyo. Kwenye Overwatch 2, mtawa Zenyatta humrushia adui tufe, na mradi limemganda, adui huyo anaumia asilimia 25 zaidi kwa kila anayempiga. Hizo mimi naziita alama za madhara. Kuna pia alama za pointi: katika Battlefield 3 ya mwaka 2011 ulibonyeza kitufe kimoja ukimwelekea adui, pembetatu ikatokea juu ya kichwa chake, timu nzima ikaiona, na mwenzako akimwua wewe ulipata pointi zako kwa kumwonyesha. Watu waliipenda mno, wakaacha kutazama uwanja, wakawa wanapiga pembetatu tu. Battlefield V ilipokuja mwaka 2018, uwezo huo ulipunguzwa sana na kuachiwa zaidi wapelelezi.

Zako wewe, karibu zote, ni za aina nyingine: alama za macho. Mtu akipanda juu ya ukuta akakuonyesha kwa kidole mahali mbuzi wako alipojificha, amekusaidia kweli, lakini hajakuongezea mbio. Kumkamata bado ni kazi ya miguu yako. Adui mwenye alama ya macho ana uhai uleule, fulana ileile ya kuzuia risasi na kasi ileile aliyokuwa nayo kabla hujamwona. Ndiyo maana anakimbia.

Sasa tuwaangalie wanne wako, maana kila mmoja ana bei yake, na bei hiyo ndiyo isiyosemwa kwenye video.

Moco humtia alama adui uliyempiga risasi, kwa sekunde chache, na wenzako wanaiona pia. Neno la kushika hapo ni «uliyempiga». Huwezi kumtia alama kwa kumtazama. Lazima risasi impate kwanza. Na ukifyatua bunduki isiyo na kizuia sauti, nawe unatokea kwenye ramani ndogo ya wapinzani. Kwa maneno mengine, Moco anakuuzia habari, na wewe unalipa kwa kujitangaza. Ni biashara nzuri kama wenzako wako tayari kutumia zile sekunde. Kama mmoja bado yuko mbali anaokota fulana na mwingine anajitibu, umejitangaza bure.

Otho hufanya kazi baada ya kuua: adui akianguka, wenzake walio karibu naye wanafichuka. Ni mhusika wa timu inayoongoza. Anayeshinda anamsaidia ashinde zaidi, lakini kikosi kilichokwama nyuma ya jiwe, kisichoua mtu, hakipati chochote kutoka kwake. Nikikusikiliza mnavyocheza, nadhani Otho wako analala usingizi mechi nzima.

Clu ni wa kubonyeza, yaani uwezo wake hauamki mpaka ugonge kitufe chake, na hapa nakuomba usome polepole. Akikuonyesha maadui, haonyeshi aliyechuchumaa wala aliyelala kifudifudi. Nimeona vijana wengi wakifa kwa sababu hii kuliko kwa risasi nzuri za wapinzani: wanabonyeza Clu, nyumba inaonekana tupu, wanaingia mlangoni wamesimama wima, na ndani kuna mtu amechuchumaa nyuma ya kitanda anawasubiri. Clu akikuonyesha patupu, maana yake ni kwamba hakuna aliyesimama. Basi. Fungua pia maelezo ya ngazi uliyofika uone kama wenzako wanapata picha hiyo au unaiona wewe peke yako; hilo ndilo litakaloamua kama unapaswa kusema kwa mdomo au la.

Nimemweka Shirou mwisho kwa sababu yeye peke yake, kati ya wanne wako, ana bonasi ya madhara, na nahisi ndiyo unayoitafuta. Adui akikupiga kutoka ndani ya umbali fulani, Shirou anamtia alama huyo aliyekupiga, na alama hiyo unaiona wewe tu. Kisha risasi yako ya kwanza itakayompata inatoboa fulana zaidi ya kawaida. Baada ya hapo uwezo unapoa kwanza ndipo uamke tena. Tazama masharti yalivyobana: lazima wewe uumie kwanza, bonasi ni yako peke yako, na ni ya risasi moja. Binamu yako akimpiga adui huyohuyo, haongezewi hata chembe. Na kama adui hana fulana, hakuna cha kutoboa, kwa hiyo bonasi nzima ni sifuri hata kama maelezo yanasema asilimia mia.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanadanganyika na asilimia. Namba ninazotumia ni za mfano, si za bunduki fulani. Adui ana uhai 200. Bunduki yako ya haraka inatoa 60, lakini fulana yake inaishusha hadi 42. Ili kumwangusha unahitaji risasi tano, kwa kuwa nne zinafika 168 tu. Sasa Shirou ameamka na risasi ya kwanza inapita fulana yote: 60, kisha 42 mara tatu, jumla 186. Hajaanguka. Bado ni risasi tano! Bonasi imefanya kazi, seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mchezo, imeihesabu sawasawa, na wewe hukuona kitu, kwa sababu madhara ya ziada yamemwagika kwenye risasi ya mwisho ambayo ungeipiga vyovyote vile.

Chukua sasa bunduki nzito ya masafa inayotoa 140, fulana ikaishusha hadi 98. Risasi mbili za kawaida ni 196: adui anabaki na uhai 4 na anakimbia akikucheka. Ukiwa na Shirou, ya kwanza inakuwa 140, ya pili 98, jumla 238. Ameanguka kwa mbili badala ya tatu, na kwa bunduki inayochelewa kupakia, risasi moja iliyookolewa ndiyo ushindi wenyewe. Mhusika yuleyule, bonasi ileile. Kilichobadilika ni silaha. Kwa hiyo wakati wowote mtu akikuambia «ongezeko la asilimia fulani», usiulize ni asilimia ngapi. Uliza inapunguza risasi ngapi. Kama hazipungui, ni pambo.

Na kuhusu kujumlisha, kwa ufupi: kila mchezo una sheria yake. Pale ambapo bonasi mbili za madhara zinaruhusiwa kukaa pamoja, ama zinajumlishwa ama zinazidishwa. Asilimia 20 na 30 juu ya madhara 100 zinakupa 150 kwa njia ya kwanza na 156 kwa ya pili, tofauti ndogo isiyofaa kupoteza usingizi. Lakini alama mbili za macho juu ya adui mmoja hazina cha kujumlisha. Ukishamwona, umemwona. Moco akimtia alama mtu ambaye Clu alishamwonyesha, umetumia nafasi mbili kununua kitu kimoja.

Sasa ile risasi inayopita hewani. Hii si bahati mbaya, ina sababu, na kwetu sisi watu wa Lubumbashi sababu hiyo inauma zaidi.

Alama huioni kwa macho ya mhusika wako. Simu ya adui inaiambia seva «niko hapa», seva inaiambia simu yako «yuko pale», ndipo simu yako inachora. Safari hiyo ina muda wake. Hata kama kila kitu kingekuwa kamili, mwanga ndani ya waya wa nyuzi hutumia karibu milisekunde moja kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100, na seva unayochezea haiko Lubumbashi. Juu ya umbali huo ongeza foleni ya mnara wa simu. Saa moja jioni watu wako nyumbani, kila mtu anafungua video, na rezo, yaani mtandao, inalegea. Wewe mwenyewe unajua jinsi mega zinavyoisha bila picha kufunguka. Tuseme ile namba ya milisekunde inayoonekana juu ya skrini yako imefika 200, na adui anakimbia mita 6 kwa sekunde. Katika muda huo amesogea mita 1 na sentimita 20. Huo ni upana wa zaidi ya mwili mmoja. Unafyatua palipo na alama, na mwenyewe ameshapita.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: michezo mingi ya risasi ina njia ya kumfidia anayechelewa, seva inarudi nyuma kidogo na kuhesabu kile ulichokiona wewe wakati unafyatua. Fidia hiyo huhusu mwili wa adui uliochorwa kwenye skrini. Alama ni mchoro juu ya mchoro, na si lazima isogee sawasawa na mwili; katika baadhi ya michezo inaruka kwa vipindi, inaonyesha alipokuwa, kisha inanyamaza, kisha inaonyesha tena. Kwa hiyo usiilenge alama hata siku moja. Itumie kugeuza kichwa na kuinua bunduki upande sahihi, halafu subiri mwili utokee. Na ukumbuke kitu ambacho macho husahau: alama inapita ukutani, risasi haipiti. Adui akirusha ukuta wa gloo, ule wa barafu wa kujikinga, utaendelea kuona alama yake nyuma ya ukuta na kidole kitakuwasha, nawe utamaliza risasi zote juu ya barafu wakati yeye anajitibu.

Moto wa simu unaingia hapa pia. Simu ikipata joto, inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue, picha zinaanza kukatika, na alama inaruka zaidi. Nadhani naijua tabia yenu kwa sababu ni ya mji mzima: umeme unakatika mchana, unarudi usiku, kila mtu anachomeka simu na kucheza hapohapo ikiwa inachaji. Kuchaji kunatoa joto na mchezo unatoa joto. Chaji kwanza, cheza baadaye. Vua kava ya simu wakati wa mechi, shusha ubora wa picha hadi wa chini, funga programu zinazopakua nyuma ya pazia. Lakini ukiona mgongo wa simu umevimba au skrini imeanza kuinuka pembeni, hapo hakuna mpangilio wa mchezo utakaosaidia: izime, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi akutolee betri. Betri iliyovimba inaweza kuwaka. Na vidole vyako vikianza kufa ganzi au kiganja kuuma hata siku usiyocheza, nenda kituo cha afya wakakuangalie mkono. Usimalize tatizo hilo kwa kubadilisha mpangilio wa vitufe.

Sasa uamuzi wa wahusika. Ningekuwa mimi, nisingekaa na wanne wa alama. Free Fire inakupa mmoja wa kubonyeza na watatu wanaofanya kazi wenyewe, na wewe hujaweka hata mmoja wa kukubakisha hai. Moco ningembakiza, kwa kuwa mnacheza wanne na habari yake inagawanywa kwa wote. Mtu anayecheza peke yake hupata robo tu ya faida hiyo. Otho ningemwondoa leo. Shirou abaki kama tu unabeba bunduki nzito ya masafa. Kama ni ya haraka, hesabu umeiona. Mahali palipobaki weka mtu kama Kelly anayekuongezea mbio, kwa sababu mtia alama akishajitangaza anahitaji kuhama upesi. Clu ndiye mgumu kuamua. Ni mzuri mnaposhambulia nyumba, lakini akikaa yeye, Alok anayetibu hawezi kukaa, maana wote wawili ni wa kubonyeza. Ikiwa binamu yako mmoja tayari ana Alok, baki na Clu. Ikiwa hakuna anayetibu kabisa, mimi ningechagua tiba, hata kama wengine watanibishia. Kabla ya kugusa dhahabu au almasi, soma maelezo ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu kila sasisho huchezea sekunde na umbali, na video ya mwaka jana inaweza kuwa inazungumzia mhusika ambaye hayuko hivyo tena.

Halafu kuna hilo jina la Kamera. Usikasirike, lina ukweli ndani yake, ila si ule wanaoudhani. Shida ya kamera ni kwamba haisemi. Sekunde za Moco zinaanza kuhesabika risasi inapompata adui, na ukizitumia kutafuta maneno zimekwisha. Zoeeni sentensi fupi yenye mambo matatu: wangapi, wako wapi, wana hali gani. «Wawili, nyuma ya gari, mmoja hana fulana.» Usiseme «huyo hapo! huyo hapo!» kwa sababu «hapo» ya skrini yako si «hapo» ya skrini ya binamu. Usiseme pia kile ambacho alama imeshakisema. Wanaona yuko kushoto; wasichokiona ni kwamba anajitibu, au kwamba uliona wa tatu akichuchumaa kabla alama haijafutika. Na mkubaliane mapema nani anaanza kusogea alama ikitokea. Nimetazama vikosi vya vijana wenye mikono mizuri vikipoteza kwa sababu wanne wote wanaona alama moja na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Jaribuni hivyo kwa wiki moja hivi. Mambo yasipobadilika, mtafute mchezaji mzoefu, Katuba na Kamalondo hamwakosi, akae nyuma yako na kutazama skrini yako mechi mbili tatu bila kuigusa simu. Mtu anayetazama begani ataona kwa dakika kumi kile ambacho mimi siwezi kukiona kwa maandishi: labda kidole chako kinafunika ramani ndogo, labda unageuka polepole kwa sababu mwendo wa kulenga umewekwa chini mno.

Na yule mtu wa sokoni, usirudi kwake. Programu ya kuona maadui wote ni udanganyifu ambao Garena, wenye mchezo, hufungia akaunti kwa kudumu, na hujui imebeba nini kingine ndani ya simu ambayo pengine ndiyo inayoshika pia pesa za mama. Hakuna anayeongeza almasi kwa nywila. Almasi hununuliwa ndani ya mchezo wenyewe au kwa namba ya mchezaji, siyo kwa siri yako. Akaunti ya Free Fire mara nyingi hufungwa kwenye Facebook au Google, kwa hiyo anayeomba nywila anaomba picha zako, majina ya watu wako na uwezo wa kuwaandikia kwa jina lako akiwaomba pesa. Kama umeshampa, ibadilishe leo kabla ya mechi, ondoa vifaa vyote usivyovijua kwenye mipangilio ya usalama, na waambie binamu zako wasijibu ujumbe wowote wa kuomba pesa unaotoka kwako mpaka wakusikie kwa sauti.